Shule Ikifungwa, Deni Libaki kwa Nani?

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa ushirika)

Ndugu wanakijiji na wanaushirika wenzetu,

Leo hatuzungumzii mbolea wala bei ya mazao. Tunazungumzia karo. Vijana wetu wanakwenda mjini kujifunza lugha za kigeni katika shule za watu binafsi. Baadhi ya wazazi wameomba mfuko wetu wa mikopo uwalipie karo ya mwaka mzima kwa mara moja. Kabla hatujajibu, tutazame yaliyowakuta wenzetu wa nchi nyingine.

Huko Hispania palikuwa na kampuni ya shule za Kiingereza iliyoitwa Opening. Wanafunzi wake wengi walisoma kwa mkopo wa benki, na karatasi za mkopo walizitia sahihi pale pale shuleni. Wakadhani wanalipa karo kidogo kidogo. Kumbe sivyo! Benki iliilipa shule mapema, na mwanafunzi akabaki na deni la benki. Mwaka 2002 shule zikafungwa. Mwalimu hakuna, darasa hakuna, lakini benki inadai vile vile.

Walipolalamika, shule haikuwa na kitu, na benki zikasema kazi yao ni kukopesha, si kufundisha. Sheria ya mwaka 1995 ilimruhusu mkopaji kuikabili benki, lakini kwa sharti kwamba benki na shule ziwe na mapatano maalum tangu awali. Sasa mtu wa kawaida atayajuaje mapatano ya wakubwa? Ikabidi waungane na vyama vya kutetea walaji, waende mahakamani. Wengi walipata haki yao, lakini baada ya mahangaiko mengi.

Japani nako, kampuni ya Nova iliuza masomo mengi kwa mara moja, kwa malipo ya kabla. Aliyetaka kuacha alirudishiwa pungufu. Juni 2007 serikali iliizuia kwa miezi sita kufanya mikataba mipya ya muda mrefu. Oktoba mwaka ule ule kampuni ikaanguka. Msimamizi alifika, lakini alikuta maji yamekwisha mwagika.

Ndugu, tatizo si Kiingereza, wala mkopo si dhambi. Tatizo ni fedha kutangulia na kazi kubaki nyuma. Anayesimamia benki anatazama fedha, anayesimamia shule anatazama madarasa. Ile karatasi inayoziunganisha inatazamwa na nani? Benki inayopata faida kwa shule ile, shule ikifungwa nayo ibebe hasara. Hapo itaichunguza shule yenyewe kabla ya kutoa hata senti.

Basi, sisi tunapendekeza hivi:

Kwanza, mfuko ulipe karo kwa mhula, si kwa mwaka. Mhula ukifundishwa ukaisha, ndipo tulipe mwingine.

Pili, kabla ya mkopo kutoka, kamati ya usimamizi ione hati ya usajili wa shule na mkataba wake. Shule isiyoandika namna ya kurudisha fedha ikifungwa, tusiilipe.

Tatu, mtu asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo haijasomwa yote mbele yake. Asiyejua kusoma asione haya, aje darasa la kisomo tumsomee. Kisomo cha jioni kina faida gani kama mikataba inatupita?

Nne, kamati nayo isimamiwe. Hesabu ya mikopo ya karo ibandikwe ubaoni hapa kila mwezi: nani amekopa, shule ipi imelipwa, kiasi gani kimerudi. Wakubwa wa ushirika tusiogope kuulizwa.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura mkutano ujao. Njooni wote, akina mama na vijana msibaki nyumbani, maana fedha ni za jasho lenu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Chama