Simu ya Mzazi na Somo la Sayansi: Hotuba kwa Wazazi na Walezi wa Kata



Mwanafunzi wa sekondari anapoomba simu ya mzazi usiku ili asome kemia, wazazi wengi hudhani anatafuta michezo. Shaka hiyo ina sababu, lakini ombi hilo mara nyingi ni la kweli. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kwa miaka 7 hukuta sayansi ya kidato cha kwanza ikifundishwa kwa Kiingereza. Video ya YouTube inayofafanua kwa Kiswahili aweza kuirudia hata mara 5 bila kuona haya. Katika kundi la WhatsApp, aliye kimya darasani huthubutu kuuliza.

Hata hivyo, wanafunzi hawana mtazamo mmoja. Wapo wanaoipenda mitandao kwa sababu inaeleza. Wapo wanaoipenda kwa sababu inawapa majibu ya kunakili. Wapo pia wanaoichukia, kwa kuwa nyumbani hakuna simu wala bando, na kazi ikitumwa kundini wao hubaki nyuma. Hao si wavivu.

Tena, kutazama si kutenda. Anayetazama video ya asidi na besi hukumbuka kwa siku chache. Anayechemsha rozela, akaigawa katika vikombe viwili, akatia limau kimoja na magadi kingine, huona mwenyewe wekundu ukikolea huku na rangi ikigeuka kijani kule. Lakini asidi za maabara si za kujaribia nyumbani. Asidi kali humiminwa polepole katika maji, kamwe si maji katika asidi, kwani joto linalozuka huweza kuirusha usoni. Video yenye kosa hapo humwunguza mtoto.

Kwa hiyo, mzazi apange saa ya simu, akae karibu, na amtake mtoto aeleze alichojifunza. Mwanafunzi aandike swali lake daftarini, alipeleke kwa mwalimu. Mwalimu anayetuma kazi kundini aiandike na ubaoni. Vitabu vya kiada vimo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwenye simu amwite na mtoto wa jirani wasome pamoja.