Gari la aliyepotea: tuache kubahatisha, tuulize

Hii ni hotuba fupi niliyotoa kwa wanafunzi wenzangu wa siasa, nimeiweka hapa kwa wale hawakuwepo. Sheria yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

Mtu akipotea hapa Kenya, mjadala huanzia kwa gari. "Gari yake iko wapi?" Saa moja haiishi na tushagawanyika. Hawa wanasema: amejiteka, angekuwa ametekwa gari ingepatikana kando ya barabara. Wale wanajibu: wamemchukua pamoja na gari ndio ushahidi upotee. Sasa angalia. Pande zote mbili zina kitu kimoja tu mkononi: gari halionekani. Hilo peke yake halithibitishi lolote kati ya hayo mawili.

Hata gari likipatikana, bado laweza kukupoteza. Kumbukeni Juni 2016. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi walitoweka baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Teksi ilipatikana Limuru, ng'ambo ya pili ya Nairobi. Miili yao ikatolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Aliyefuata gari peke yake angewatafuta Limuru. Kesi ilijengwa kwa vitu vingine, zikiwemo rekodi za simu, na Julai 2022 mahakama iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao.

Je, gari halina maana? Lina maana sana. Limepita mbele ya kamera za barabarani, pengine limejazwa mafuta, limelipiwa maegesho, lina kifaa cha kulifuatilia. Lakini rekodi za kamera hazikai milele. Nyingi hufutwa zingine zikiingia. Na mwenye mamlaka ya kuzidai ni mpelelezi, si mimi na wewe na simu zetu.

Kwa hivyo maswali ya maana ni haya:

Moja, ripoti imeandikwa? Nambari ya OB ni gani?

Mbili, afisa gani amepewa kesi?

Tatu, rekodi za kamera zimeombwa kabla hazijafutwa?

Nne, kama anashikiliwa, yuko kituo gani? Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo unaishia nje ya saa za korti. Familia inaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri aletwe mbele ya jaji, na Kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa.

Mbona nasema hili ni jambo la siasa? Kwa sababu kubahatisha kunahamisha mzigo. Badala ya serikali kueleza imefanya nini kumtafuta raia wake, mama yake ndiye anaanza kutuelezea kwa nini mtoto wake hangeweza kujiteka. Sisi tunabishana usiku kucha, na yule anayefaa kujibu amelala vizuri.

Kuna hatari nyingine. Nambari bandia za magari ziko. Ni moja ya sababu nambari mpya zilianza kutolewa 2022. Ukisambaza picha ya gari "linalofanana", unaweza kuwa umemletea umati mtu anayeenda zake kazini.

Simwambii mtu anyamaze. Kelele za raia zimewahi kusaidia, na zitasaidia tena. Ila ziwe kelele za kudai jibu kwa mwenye jukumu. Na kama kweli uliliona hilo gari, usiandike hapa chini kwa maoni, kwa sababu si sisi pekee tunaosoma. Mpelekee wakili wa familia, leo.