Binti anapotakiwa kuthibitisha kuwa ni binti

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo vijiweni husemwa kwa vicheko na majumbani husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni hili: nani anastahili kushindana katika michezo ya wanawake?

Huko Ulaya na Marekani mjadala huu umewaka kwa sababu ya wanamichezo waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wanaume na baadaye wakaishi kama wanawake. Mwaka 2021, Laurel Hubbard wa New Zealand alishiriki mashindano ya kunyanyua vitu vizito katika Olimpiki ya Tokyo, na akatoka bila kufanikiwa hata jaribio moja. Mwaka uliofuata Lia Thomas alitwaa ubingwa wa kuogelea wa vyuo vya Marekani, na kelele zikafika mpaka kwa wanasiasa. Machi 2023, Shirikisho la Riadha Duniani likawafungia mlango wote waliopitia balehe ya kiume. Ajabu ni kwamba Shirikisho lenyewe lilikiri wakati ule kuwa hapakuwa na hata mmoja wao aliyekuwa akishindana kimataifa katika riadha.

Niseme mapema nilikosimama, tusije tukazungushana. Mashindano ya wanawake lazima yalindwe. Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume ni ya Mkenya David Rudisha, dakika 1:40.91, aliyoiweka London mwaka 2012. Ya wanawake ni 1:53.28, na imesimama tangu mwaka 1983. Hizo ni sekunde 12 na ushei katika mizunguko miwili tu ya uwanja! Homoni ya testosteroni wakati wa balehe hujenga misuli, mifupa na damu, na sehemu ya nguvu hiyo hubaki hata homoni ikipunguzwa baadaye. Wapo wataalamu wanaosema kuwa tafiti juu ya wanamichezo wenyewe bado ni chache, na ni kweli. Hata hivyo, kwa waliopitia balehe ya kiume, mimi siioni sheria ya 2023 kuwa ya uonevu, ingawa dhihaka wanayotupiwa watu hao inanichukiza.

Lakini sheria hizi zilipofika kwetu, hazikumkuta Hubbard wala Thomas. Zilikuta akina nani?

Turudi Rio de Janeiro, Agosti 2016, fainali ya mita 800 wanawake. Dhahabu ilichukuliwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba Margaret Wambui wa Kenya. Hakuna kati yao aliyebadili jinsia. Walizaliwa wakaitwa wasichana na wakalelewa wasichana, ila maumbile yao ya ndani yanatoa testosteroni nyingi kuliko kawaida. Jambo hilo si geni kwetu. Watu wa pwani wana neno lao la zamani, huntha, na vitabu vya fiqhi vilikwisha kumwekea mtu wa namna hiyo hukumu za mirathi karne nyingi kabla ya maabara kujengwa.

Mei 2019 Semenya alishindwa kesi katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Waamuzi walisema, kwa wingi wa kura, kwamba sheria ile ni ya kibaguzi lakini ubaguzi huo ni wa lazima. Basi mwanamke mzima, asiye mgonjwa, akatakiwa atumie dawa za kushusha homoni au ahame mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba alihama. Septemba 2021, mjini Zagreb, aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Kisha ikaja ile Machi 2023, na sharti la homoni likapanuliwa kwa mbio zote. Ahamie wapi tena?

Sasa limekuja jipya. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke anayetaka kukimbia katika mashindano ya dunia lazima apimwe mara moja maishani jeni iitwayo SRY, kwa kupanguswa shavu kwa ndani au kwa kutolewa damu. Andrew Sinclair, mmoja wa wanasayansi walioigundua jeni hiyo mwaka 1990, amepinga hadharani isitumiwe hivyo, kwa sababu kuwepo kwake peke yake hakuonyeshi mwili umekua vipi.

Na hili tulikwisha kuliona. Mwaka 1985 Maria José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, alikutwa na kromosomu za kiume ingawa mwili wake hauwezi kuitumia testosteroni. Alifungiwa, akaanikwa magazetini, na akarudishiwa haki yake mwaka 1988, umri wa kukimbia ukimkimbia. Katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane majibu yao yalizua maswali, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Mwaka 1999 Kamati ya Olimpiki ikaachana na upimaji huo.

Ndugu zangu, vyama vya riadha vya nchi ndivyo vilivyokabidhiwa kazi hii. Mwanariadha wetu aweza kuwa msichana wa miaka 17 aliyeanzia mbio za shule bila viatu. Anaitwa ofisini, anapewa fomu ya Kiingereza, anaambiwa weka sahihi, ndege ni Jumapili. Nani amemweleza majibu yanaweza kusema nini juu ya mwili wake, na juu ya uwezo wake wa kuzaa? Karatasi ile itapita mikono mingapi kabla ya kumfikia yeye na mama yake? Mwaka 2009 Semenya alikuwa na miaka 18 tu, na siku ileile ya fainali ya Berlin dunia nzima ilikwisha jua kuwa anapimwa jinsia.

Nataka kusikia kutoka kwa viongozi wa riadha wa Kenya, Uganda, Burundi na Tanzania: daktari wa kumweleza binti kwa lugha yake ni nani, majibu yanafungiwa wapi, na gharama ya ushauri analipa nani? Chama ambacho tayari kina utaratibu wa maandishi, kije nao hapa studio. Dakika kumi za kuusoma hewani tutazitenga.