Mkubwa wa masomo ni mtunzaji, si mwenye mali

Maneno ya mwanamemba wetu, direkta wa primere aliyekwisha kupumzika kazini, katika mkutano wetu wa kabla ya kufungua mwaka wa masomo. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema.



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya kazi ya mkubwa wa masomo. Nilikubali haraka. Kisha nikafika nyumbani nikajiuliza: nitasema nini ambacho hakitanihukumu miye mwenyewe? Basi nianzie palepale.

Munakumbuka kuanzia mwaka 2005, watu walipoanza kurudi kutoka kambi za Tanzania, meli ikitoka Kigoma na kushusha familia Baraka. Miye nilikuwa nimetangulia kurudi, na nilikuwa nimepewa masomo ya kuongoza. Asubuhi moja mama mmoja akaingia na binti yake. Akasema: "Direkta, mutoto yangu alimaliza ya tano kule kambini. Begi yenye makaratasi ilipotea njiani." Nikamjibu: bila buletini siwezi. Mama akasimama tu pale mlangoni, hakutoka. Mwishoni nikafanya kitu nilichokiona ni huruma: nikamwandika binti katika darasa la tatu. Alikuwa na miaka 14. Akakaa benchi moja na watoto wa miaka minane.

Alikuja wiki mbili. Kisha hakuja tena. Katika registri nikaandika neno moja: "Ameacha."

Mwaka uliofuata nikakutana naye sokoni, ana mtoto mgongoni. Akaniambia kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu." Niliitika, lakini sauti haikutoka vizuri. Lile neno nililoandika lilikuwa uongo. Hakuacha. Ni miye niliyemwachisha. Nilikuwa na chaki, nilikuwa na ubao, nilikuwa na mwalimu wa darasa la sita. Kumpima ingechukua asubuhi moja tu.

Ndiyo maana leo nasema: kazi ya kwanza ya mkubwa wa masomo ni kupokea mtoto. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya primere ni ya lazima, na ni ya bure katika masomo ya serikali. Neno "lazima" halimbani mzazi peke yake. Linatubana na siye tunaokaa nyuma ya meza.

Na mtoto wa mrudi anahitaji apimwe kwa akili. Yule aliyesoma katika kambi kama Lugufu au Nyarugusu alifuata programu ya Kongo, na Kifaransa alikisoma. Lakini wengine walikaa vijijini, wakasoma primere ya Watanzania, iliyokuwa na madarasa saba, na karibu masomo yote kwa Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo anajua kugawanya, anajua sehemu, anajua mimba ya mmea inatoka wapi. Ukimuuliza kwa Kifaransa ananyamaza, na direkta anasema: huyu hajui kitu. Kumbe anajua, hajui lugha ya swali. Mpime hesabu kwa Kiswahili, mpime Kifaransa peke yake, kisha mtafutie darasa na mwalimu wa kumsaidia lugha ile.

Kazi ya pili ni kutunza makaratasi. Watu wengine wanaona ni kazi ndogo, ya sekretere. Hapana. Registri ya matrikule, buletini, orodha ya waliofaulu ya kila mwaka, hizo ndizo kumbukumbu za maisha ya watu. Siye tuliokimbia tunajua. Nyumba ikiungua utajenga ingine. Mwaka wa masomo ambao haukuandikwa popote ni kama haukusomwa. Kwa hiyo mkubwa mwenye akili anaweka kopi mahali pengine, mbali na ofisi yake: kwa sou-divizyo, kwa parokia, kwa mzee anayeaminika. Vita inapokuja haingoji utafute ufunguo wa kabati.

Na hapa niseme jambo ambalo wakubwa wenzangu hawatalipenda. Kuzuia buletini ya mtoto juu ya deni la baba yake si haki. Deni ni la mzazi. Alama ni za mtoto. Muite mzazi, andikeni mapatano, alipe kidogo kidogo, hata kwa mihogo au kwa siku za kufyeka shamba la masomo. Lakini karatasi ya mtoto mpe.

Kazi ya tatu ni pesa. Hapo wengi wetu tunaanguka. Ku chuo kama ISP kazi imegawanywa: kuna direkta jenerali, kuna sekretere jenerali wa mambo ya masomo, mwingine wa utawala, na msimamizi wa bajeti. Ku segondere prefe ana angalau direkta wa masomo na direkta wa disiplini. Lakini direkta wa primere kule mlimani ni yote hayo kwa mtu mmoja, na mara nyingi anafundisha darasa la sita pia. Mtu mmoja akishika chaki, kalamu na mfuko wa pesa, hata kama ni mwaminifu, watu watamshuku. Tena atachanganya pesa ya masomo na pesa ya dawa ya mtoto wake, akijiambia atairudisha.

Dawa yake si kumtafuta malaika. Dawa ni komite. Kila masomo inapaswa kuwa na komite ya wazazi, na kamati ya usimamizi ambamo mkubwa, walimu na wazazi wanakaa pamoja. Pesa ikiingia, iandikwe siku hiyohiyo, resu itoke. Ikitoka, watu wawili watie sahihi. Mwisho wa mwezi karatasi ibandikwe ukutani, kila mama apite aisome, au asomewe.

Nijue kusema ukweli hadi mwisho. Tangu Septemba 2019 serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure ku primere, madarasa yalijaa. Lakini wako walimu ambao bado hawajaingia kwenye orodha ya mshahara. Direkta anaona mwalimu wake ana njaa, anaona wazazi hawana, na sheria inamkataza kudai. Mukimuona mkali asubuhi, mujue alilala na hesabu hiyo. Lakini hata hivyo hana ruhusa ya kutunga malipo ya siri na kufukuza watoto. Aite mkutano, aseme hali ilivyo mbele ya wote, na adai haki za walimu wake kwa sou-proved, kwa barua yenye namba na kopi. Kuandika barua na kuifuata, hiyo pia ni kazi ya mkubwa.

Sasa maombi yangu ni matatu.

Kwenu wazazi: leteni makaratasi ya watoto ku ofisi ya shirika letu, tuweke kopi. Hata kipande kilicholowa maji, kileteni.

Kwenu wakubwa wa masomo munaonisikia: mtoto akija bila buletini, asirudishwe nyumbani. Mpimeni ndani ya wiki moja. Shirika letu lina walimu waliopumzika kama miye. Tuko tayari kuja kuwasaidia bila malipo.

Kwenu wageni wetu munaotutumia msaada: tunawashukuru kwa mabati na simenti. Lakini musimpe mtu mmoja pesa mkononi, hata akiwa mchungaji, hata akiwa miye. Ipitisheni kwa kamati, kisha ombeni kuona kitabu. Haitatuudhi. Munapoomba kitabu, munamlinda yule direkta na majaribu, na munatulinda siye na maneno.

Yule binti leo ni mama wa watoto. Mmoja wao mwaka huu anaingia darasa la sita. Nilikwenda kwa mama yake nikamuomba msamaha. Akacheka kidogo, akaniambia: "Mwalimu, muangalie huyu." Basi namuangalia. Naomba na nyinyi mutusaidie kuwaangalia wengine.