Povu la Kifafa: Mhadhara Kuhusu Kuachana na Imani Zilizopitwa na Wakati



Jioni hii nitazungumzia imani moja tu, kwa sababu imani hiyo imeunguza watu. Ni ile isemayo kwamba mate ya mtu aliyeanguka kifafa humwambukiza anayemgusa.

Mtu anaanguka jikoni, kando ya mafiga. Anakakamaa, anatetemeka, povu linamtoka mdomoni, mkono wake umeingia motoni. Waliomo ni ndugu zake na wanampenda, lakini wanarudi nyuma, wanangoja atulie. Dakika hizo chache zimeacha makovu kwenye mikono na nyuso nyingi katika Afrika Mashariki. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika Tanzania ya leo, mwaka 1960, aliyakuta makovu hayo kwa Wapogoro wa huko, akawakuta pia wagonjwa waliotengewa chakula chao. Miaka 30 hivi baadaye, watafiti wa Tanzania waliwahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 vijijini. Kwa mujibu wa ripoti yao ya mwaka 1993, wanne hivi katika kila kumi waliamini kwamba kifafa huambukizwa kwa kugusana, kwa pumzi au kwa kula pamoja.

Wasomi tukisikia hivyo hukimbilia kusema ni ujinga. Mimi nakataa, tena nakataa kwa nguvu zote. Mahenge ilikuwa na kifafa kingi mno. Utafiti wa wilaya ya Ulanga, iliko Mahenge, uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta wagonjwa 10 hivi katika kila watu 1,000, na kijiji kilichozidi vingine kilipita mara tatu ya hapo. Kulikuwa na nyumba zenye wagonjwa wawili au watatu. Kaka anaanza kuanguka, na mwaka haujaisha anafuata mdogo wake aliyekuwa akila naye sahani moja. Mama aliyeyaona hayo na kusema ugonjwa unahama alikuwa ametumia macho yake vizuri.

Leo tunajua kwamba Mahenge ni eneo la usubi, ule ugonjwa unaopofusha. Inzi wadogo weusi huzaliana kwenye mito iendayo kasi, na wakimuuma mtu humwachia minyoo. Ushahidi uliokusanywa Tanzania, Uganda, Kongo, Kameruni na Sudani Kusini unaonyesha kwamba pale usubi ulipokithiri, watoto wenye minyoo mingi mwilini hupata kifafa zaidi. Namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa. Basi mama yule aliona sawasawa. Kulikuwa na kitu kinachotoka kwa mtu na kumfikia mwingine, ila mbebaji wake alikuwa inzi. Ndugu wawili hawakuugua kwa sababu ya sahani, waliugua kwa sababu ya mto mmoja walioshinda kando yake. Na tiba, niseme wazi, ilichelewa kumsikiliza mama huyu. Ilishughulika mno na kosa lake la mate, ikapitisha miongo kadhaa kabla ya kulitilia maanani lile aliloliona.

Ndiyo maana nasema kwamba ndani ya kila imani iliyochakaa kuna mambo mawili yaliyosukwa pamoja: alichokiona mtu, na alichokihitimisha. Ukimtaka ayaache yote mawili, unamtaka ayakane macho yake, naye atakugomea, na ana haki. Anayetaka kukua, awe mwanakijiji au profesa, hana budi kufumua msuko huo mwenyewe, abaki na alichokiona, kisha ajiulize upya maana yake.

Lakini kufikiri peke yake hakutoshi. Uingereza, nchi yenye vyuo vikuu vya karne nyingi, ilingoja hadi mwaka 1971 kurekebisha sheria iliyoruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa. Marekani nako, hadi miaka ya 1970, sheria iliruhusu mgonjwa kukataliwa mlangoni pa mgahawa au ukumbi wa maonyesho. Elimu ilikuwepo, na hofu ilikaa nayo nyumba moja. Kinachoivunja hofu ni jambo linaloonekana. Dawa ya fenobabitoni inatumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba inayofaa. Jirani akimwona mgonjwa analima msimu mzima bila kuanguka, mkono wake hunyooka kumsalimia kabla akili yake haijakiri lolote. Imani hufuata baadaye, polepole.

Sasa nigeukie ukumbi huu. Nikiuliza mtu akianguka hapa tufanye nini, najua jibu litakalotangulia: tumtie kijiko mdomoni asije akameza ulimi. Hakuna anayemeza ulimi wake. Kijiko huvunja meno, na jino lililovunjika huweza kuziba njia ya hewa. Jambo hili limesemwa na kuandikwa kwa miaka, na bado tunakitafuta kijiko. Sababu naielewa: kusimama tu huku mtu akitetemeka kunaumiza, na kijiko huipa mikono yetu kazi. Imani hii haitatutoka kwa kukemewa, mpaka mikono ipate kazi nyingine.

Kazi yenyewe ni hii. Msogeze mbali na moto, maji au barabara. Weka nguo laini chini ya kichwa chake, legeza kola, usimkandamize. Tazama saa. Mtetemo ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke nje. Zikipita dakika 5 bila kutulia, au akianza tena kabla ya kuzinduka, mkimbizeni hospitali. Akizinduka, mwambie kwa sauti ya kawaida kilichotokea, kisha kaa naye.

Wanafunzi wa uuguzi wametandika mikeka pale nyuma. Kabla ya chai, naomba kila mmoja wetu, nikianza na walimu wa vyuo vya ualimu, amlaze mwenzake ubavu mara moja. Walimu nawataja kwa makusudi. Mtoto mwenye kifafa huweza kuanguka darasani, na siku hiyo mwalimu ndiye anayeamua kama atarudi shule kesho.