Mashauri Yakipungua, Je, Haki Imeongezeka?



Tumekusanyika kutafakari jambo ambalo laonekana kuwa kazi ya makarani wa masijala tu: hesabu ya mashauri ya madai yanayofunguliwa mwaka hata mwaka. Mashauri hayo ni ya deni, mkataba, mirathi, kodi ya nyumba na mpaka wa shamba.

Twazoea kusema kwamba mashauri yakiongezeka upendo umepoa, na yakipungua amani imetawala. Tusiamue haraka hivyo. Daftari la mahakama huwahesabu waliofika mlangoni. Walioshindwa kufika haliwajui.

1. Funzo kutoka Uingereza

Mwezi Julai 2013 serikali ya nchi hiyo ilianza kutoza ada katika mabaraza ya kazi, ambako hapo awali mfanyakazi hakulipa kitu. Aliyelalamika kuachishwa kazi isivyo haki aliweza kudaiwa hadi pauni 1,200 mpaka shauri lisikilizwe. Mashauri yakapungua kwa takriban theluthi mbili. Je, waajiri walikuwa wametubu? Tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ada hizo zilikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu ziliwazuia watu kuifikia haki. Zikafutwa, na mashauri yakaongezeka tena. Kumbe dhuluma ilikuwapo muda wote. Kilichopungua ni sauti za waliodhulumiwa. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu.

2. Hali ya kwetu Tanzania

Kwa miaka mingi Mabaraza ya Kata yalisikiliza na kuamua migogoro ya ardhi. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, yaliondolewa uwezo wa kuamua, yakabakiwa na kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi usipofanikiwa katika siku thelathini, mlalamikaji aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo anayelinganisha hesabu za kabla na baada ya mwaka huo analinganisha vitu viwili tofauti.

Tuwafikirie wajane wawili. Wa kwanza amepatana na shemeji zake kwa hiari, na shamba lake amerudishiwa. Wa pili amenyamaza kwa kuogopa ukoo, au kwa kukosa nauli ya kwenda wilayani. Katika daftari la wilaya wote wawili hawaonekani. Mmoja ana amani. Mwingine amepoteza shamba.

3. Namna ya kusoma hesabu

Tukisikia takwimu zikitangazwa, tuulize mambo matatu: mashauri mangapi yamefunguliwa, mangapi yameamuliwa, na ni nani hakuweza kufungua. Yakifunguliwa mia moja na kuamuliwa themanini, ishirini yamebaki juu ya mlundikano wa zamani. Swali la tatu halina jibu masijala. Jibu lake liko majumbani mwetu, nasi tunaozitembelea familia ndio tunaoweza kulipata.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

(a) Je, kuna mtu miongoni mwetu aliyeacha kudai haki yake? Alizuiwa na nini: woga, gharama, umbali au kutojua sheria?

(b) Tunapowapatanisha watu, je, mnyonge husema kwa uhuru, au twamhimiza asamehe ili tu shauri liishe?

(c) Nani kati yetu atamsindikiza asiyeweza kwenda peke yake?