Kutotolesha Mayai ya Bata kwa Mashine Nyumbani

Mazungumzo na wakulima wa Masama, Wilaya ya Hai

Wazee wangu, akina mama na vijana, leo sitasema habari za kahawa wala migomba. Wengi wenu mna mashine ndogo za kutotolesha, wengine mmezitengeneza wenyewe kwa sanduku la mbao, na kila mara nasikia neno lile lile: "Ya kuku yametotoa, ya bata yameoza." Mara nyingi hayakuoza. Yametupwa kabla ya siku zake.

Fahamuni hesabu kwanza. Yai la kuku huchukua siku 21. Yai la bata wa kawaida, kama wale weupe waitwao Pekin, huchukua siku 28. Lakini wale wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele, ambao wengi tunao vihambani, asili yao ni Marekani ya Kusini, nao si ukoo mmoja na bata wengine. Mayai yao huchukua siku 35. Mimi nilipoanza niliyahesabia siku 28, nikangoja mbili zaidi, kisha nikayachukua kwenda kuyafukia chini ya mgomba. Moja likapasuka mkononi. Kifaranga alikuwa mzima, anatikisa mguu. Yalikuwa mayai 18. Tangu hapo huandika tarehe kwa penseli juu ya kila yai, nanyi fanyeni hivyo. Ukiweka mayai Jumatatu jioni, ya kuku hutoka Jumatatu ya tatu, ya bata weupe ya nne, ya bata hawa wengine ya tano.

Kama unafuga aina zote mbili, zitenge. Zikipandana, watoto wao ni wazuri kwa nyama lakini ni kama nyumbu, hawazai.

Sasa mayai yenyewe. Bata hutaga alfajiri, tena hutaga popote, hata penye matope. Kwa hiyo tandika majani makavu kila jioni na uokote mapema asubuhi. Yai lenye uchafu kidogo lipanguse kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana peleka jikoni. Usilioshe kwa maji baridi, maana uchafu hupenya katika vitundu vya ganda, na yai likioza ndani ya joto hupasuka na kuyaharibu yaliyo karibu. Yaweke mahali pa baridi, ncha nyembamba chini, yasizidi siku saba.

Mashine ikae chumba kisicho na upepo, mbali na moshi wa jikoni, wala jua la dirishani lisiipige. Iwashe siku nzima ikiwa tupu, uone joto limetulia. Yenye feni itake digrii 37.5 za Sentigredi. Isiyo na feni itake karibu 38.5, na kipimajoto kilingane na migongo ya mayai, kisigusane na ukuta wa sanduku. Joto likizidi huua upesi kuliko likipungua. Wenzetu wa Rundugai huko bondeni waangalie sana saa za mchana. Nanyi mliotengeneza sanduku la balbu, jihadharini: taa za siku hizi za kuokoa umeme hazitoi joto la kutosha. Balbu lazima iwe ile ya zamani yenye uzi.

Laza yai ubavu, uligeuze mara tatu au tano kwa siku. Andika alama upande mmoja usije ukasahau. Siku tatu za mwisho acha kugeuza.

Jambo linalowashinda wengi ni unyevu. Tazama bata mama: kila siku huondoka kiotani, hula, huoga, hurudi na manyoya mabichi. Mashine haifanyi hivyo, basi fanya wewe. Kuanzia siku ya 10 fungua mashine mara moja kwa siku kwa dakika 10 hivi, nyunyizia mayai maji ya uvuguvugu, funga. Siku hiyo ya 10 yapime pia kwa tochi gizani: yenye mishipa kama mizizi yana uhai, yaliyo meupe kabisa yaondoe. Kipima unyevu kionyeshe 55 hadi 60 kwa mia, na siku tatu za mwisho zaidi ya 70. Hapo ongeza chombo cha maji na uache kunyunyiza.

Umeme ukikatika mwezi wa Julai, na baridi yetu mnaijua, funika sanduku kwa blanketi, weka ndani chupa za maji ya moto zisizogusa mayai, wala usifungue kila mara kuchungulia. Saa mbili tatu si mwisho wa mayai. Lakini nawasihi, msiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kuokoa mayai. Hewa yake mbaya haina harufu, nayo huua watu waliolala.

Ganda likitoboka, kaa mbali. Kifaranga wa bata huweza kukaa siku nzima, hata mbili, kabla ya kutoka, kwa sababu bado anavuta damu na kiini tumboni. Ukimbandua ganda kwa huruma atatoka damu na kufa. Wakikauka manyoya, wahamishie penye joto la digrii 32, ulipunguze kidogo kila juma. Wape maji katika sahani ya kina kidogo, yatoshe kuzamisha mdomo na pua tu. Msiwapeleke mfongoni. Kifaranga wa mashine hana mama wa kumpaka mafuta yake. Hulowa, huzizima na kufa, hata kama babu zake wote waliogelea. Angoje mpaka aote manyoya ya kikubwa.